Hewa ya Rukia

Jumanne, usiku

Nisamehewe kwa kukaa muda huu wote bila kuandika. Mafunzo ya kupiga mbizi yananichosha, na nikifika chumbani hapa Langoni nalala bila hata kuvua buibui.

Leo tulishuka chini kuliko siku zote. Uchovu ukanitoka wote, nikawa nacheka peke yangu. Kisha nikamwona mwanangu Rukia, niliyemwacha Pate kwa mama, ameketi juu ya tumbawe. Nikatoa kipumulio mdomoni nimpe naye avute hewa.

Bi Swabra, mwalimu wetu, alinirudishia kwa nguvu, akanivuta juu. Tulipopanda mita chache tu, Rukia akatoweka.

Mashuani akaniuliza, "Ulikuwa ukimpa nani hewa, weye? Papa?" Wenzangu wakacheka. Akatueleza kuwa hewa ya mtungi humlevya mtu akiwa chini sana.

Ningekufa. Lakini hili la kutamani kurudi pale alipokuwa ameketi ndilo linaloniogopesha zaidi, maana...

Hapana. Kesho nampigia mama, atake asitake. Jirani amekubali kunishikia mtoto mchana. Mama aniletee kikombe cha Rukia, dawa yake ya kifua, kanga zangu mbili, na Rukia mwenyewe.