Futi Nne za Mti wa Verna

Orville, nimekaa ukingoni mwa shimo, koleo mkononi. Mkaguzi wa umeme, Mzee Pruitt, ameikataa kazi yangu. Yangu mimi!

Unajua sheria ya hizi nyumba za kuvutwa kwa lori: swichi kuu ionekane kutoka kwenye nyumba, na isizidi futi thelathini kutoka ukutani. Nguzo ya swichi niliisimika kwenye futi ishirini na nane. Mzee Pruitt akavuta tepu: thelathini na mbili.

Thelathini na mbili, Orville!

Kumbe waliileta nyumba juzi, wakairudisha nyuma futi nne ili wasikate mti wa matufaha alioupanda marehemu mume wa Verna, mwenye nyumba. Nami nilikuwa nimepima kutoka kwenye vigingi vya mahali nyumba ingekaa, wala sikurudia kupima.

Nikamwambia, "Mzee, mama huyu anapumulia mashine ya umeme."

Akasema, "Na nyumba ikishika moto, nani atawahi swichi kule? Hamisha nguzo."

Ana haki. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Verna akanishika bega. "Mwanangu, ningewaacha tu waukate."

"Hapana, mama. Mwenye tepu ni mimi."

Shimo jipya limefika magotini, chini ni mwamba mtupu. Mtungi wa oksijeni anaotumia Verna kwa sasa utaisha kesho mchana. Njoo alfajiri, na mtaimbo wako.