Ama Mpiga Ngoma, Ama Mpiga Zumari

Jumatatu, 11 Machi 2019

Tijen, mjukuu wa dada yangu, amekuja asubuhi na jibini ya hellim na dhiki zake. Jumapili mama yake Fergus, mchumba wake, anakuja kumposea mwanawe kwa desturi yetu ya Kituruki, kwa maua na kahawa. Mama huyo, Bi Elspeth, ni Mskoti, mjane, na amenuna tangu Krismasi. Ana haki. Dada yangu Müzeyyen alimtazama Fergus mbele ya watu akasema, "Kibaya hiki, Mungu akilinde." Kwetu hilo ni busu. Kizuri hakisifiwi, jicho baya litakipata. Lakini mpumbavu mmoja wa ukoo alimtafsiria mama mtu neno kwa neno!

"Babu Rüstem," Tijen akaniambia, "bibi atasema ile methali yake. Na lazima aiseme, sivai pete bila neno lake. Wewe itafsiri Bi Elspeth acheke. Akinuna tena, Fergus anasema tukafunge ndoa ofisini, wawili tu, yaishe."

Methali yenyewe: ukimwachia binti moyo wake, ataolewa ama na mpiga ngoma ama na mpiga zumari. Dada ameisema kwenye posa ya kila binti wa ukoo huu. Ndiyo ridhaa yake. Hana nyingine.

Nikamwambia Tijen ni kazi ya dakika tano. Mzee mzima, sijui kunyamaza.

Jumanne, 12 Machi

Dakika tano! Nimeketi tangu chai ya asubuhi. Maneno yote yapo, kichekesho hakipo. Kwa Kiingereza inasomeka kama onyo lililobandikwa mlangoni mwa shule ya wasichana. Kituruki kinagonga mara mbili — ama, ama — na pigo la pili linamkuta mtu tayari anacheka. Kiingereza changu kinagonga mara moja kisha kinaomba radhi.

Nimetafsiri mahakamani hadi nikastaafu. Talaka, wizi, mirathi. Hakuna hakimu aliyewahi kunitaka nimchekeshe.

Alhamisi, 14 Machi

Zumari. Waingereza hawana. Nimejaribu tarumbeta — hiyo ni jeshi. Filimbi — watoto wa shule. Kisha nikaruka kwa furaha: ile ya mfuko, ya Waskoti! Kelele zile zile, mashavu yale yale! Nikakumbuka mama mkwe katoka wapi. Nimeifuta hadi karatasi imetoboka.

Mpiga zumari wa kijijini kwetu kisiwani, milimani juu ya mji wa Baf, alikuwa na jicho moja na koti la mtu mwingine. Alilala popote palipokuwa na harusi. Mama zetu walimwogopa kwa ajili ya binti zao. Binti hawakumwogopa. Sauti yake ilipoteremka mlimani, madirisha yalifunguka moja baada ya jingine, na upande mmoja wa kijiji uliujua upande wa pili unavaa nini. Tulikihama kijiji; sasa madirisha yale ni ya wengine, au ya upepo. Mtu huyo nimtie wapi katika Kiingereza?

Nimempigia dada nikamsihi: Jumapili sema tu Mungu awape heri. Akauliza kama nina homa. "Unataka niwatie jicho? Vitabu vimekumaliza wewe!" Akakata simu.

Jumamosi, 16 Machi

Nimeamua. Nitasema: bibi anafurahi kuona binti amefuata moyo wake. Ngoma hakuna, zumari hakuna. Uongo safi, uliopigwa pasi.

Jumapili, 17 Machi

Naandika chumbani kwa Müzeyyen, kwenye ukingo wa kitanda kilichojaa makoti ya wageni. Nimesema nafuata miwani. Miwani iko puani.

Ilianza vizuri. Fergus alikunywa hadi mwisho kahawa yake ya chumvi, ile tunayompimia mposaji uvumilivu, machozi yakimlengalenga, akasema tamu. Bi Elspeth, wima kitini, mkoba magotini, akaomba binti kwa maneno aliyofundishwa na mwanawe. Müzeyyen akasema methali. Wetu wakaangua kicheko. Bi Elspeth akanigeukia. Nikampa uongo wangu. Akaitikia kwa kichwa, kwa ile adabu ya mtu anayetaka kwenda zake.

"Hukusema ngoma!" Müzeyyen huyo. "Nimeshona kiwandani na hawa watu maisha yangu yote, neno ngoma nalijua. Hukulisema! Sema, mwoga wee!"

Tijen akafumba macho. Nikasema. Kavu, bila pambo, ama na ama. Kwenye zumari nikavimbisha mashavu na kuchezesha vidole hewani, na umri wangu huu.

Hakuna aliyecheka. Bi Elspeth akaweka kikombe chini taratibu. Akamtazama mwanawe kwa muda, kisha dada yangu. "Na huyu wangu," akauliza, "ni yupi kati ya hao?"

Nikatafsiri. Müzeyyen akamkagua Fergus kutoka viatuni hadi nywele, kama kitambaa chenye kasoro. Akasogea kwenye kochi, akapigapiga nafasi iliyobaki. Kisha akajibu. Methali ndefu, sijaisikia tangu Baf. Ina punda ndani yake. Ina mama wa bwana harusi pia. Wote wakanigeukia, nami nikakimbilia miwani.

Pete bado ziko kwenye sinia.

Tijen anagonga mlango. "Babu, toka! Bi Elspeth kahamia kwenye kochi. Anasema safari hii usipunguze hata neno!"

Nakuja. Niko kwenye punda —