Kilengeo cha Reino

Jumapili, 3 Novemba
Reino kaifungua bunduki ya marehemu babake mezani, kati ya siagi na mkate wangu. Ile ya kukoki kwa wenzo wa chini. Anataka kilengeo kipya, kile cha kulengea shabaha, kabla msimu wa kuwinda kulungu haujafunguliwa tarehe kumi na tano. Mwaka jana alikosa dume la karibu kabisa. Kambini kwao wawindaji, ukikosa hukatwa pindo la shati, likapigiliwa ukutani na jina lako. Mume wangu, pambo la ukuta!

Nikamwambia aende kwa daktari wa macho. Eti macho hayana neno, chuma kimechakaa. Ndiyo – juzi chuma hicho hicho kilitia chumvi kwenye kahawa.

Alhamisi, 7 Novemba
Sasa ni kilengeo cha tundu. Unachungulia tu, eti jicho linajipanga lenyewe. Amechungulia asubuhi nzima. Ameliona ghala. Hongera.

Jumamosi, 9 Novemba
Kafunga darubini! Juu kabisa. Kaka yangu Arvid, mwenzake wa kambini, alikuja kula.

“Shemeji, hiyo si inatema maganda ya risasi kwa juu?”

“Kula wewe, unajua nini?”

Wakatoka kuijaribu. Risasi ya kwanza – ganda likagonga darubini, likarudi ndani, bunduki ikakwama. Arvid alicheka hadi machozi. “Vua shati kabisa, shemeji!” Nami nilicheka, nikajuta. Reino hakula tena.

Jumatano, 13 Novemba
Kilengeo kipya tena: cha nukta nyekundu inayowaka. Reino kapenda! Nukta anaiona vizuri mno. Na kilicho nyuma ya nukta? Akaniambia nisimletee kisirani.

Alhamisi, 14 Novemba
Mzaha umeniisha. Alasiri alikuwa kibarazani, analenga kwa bunduki tupu. “Lempi, njoo! Dume kwenye mtofaa. Mapembe hayo!”

Nikaja. Alikuwa Arvid, ameinama anaokota matofaa. Koti la rangi ya chungwa, lile la kuvaa ili usipigwe risasi, linawaka mgongoni.

“Umemwona?”

Nikasema nimemwona. Kesho alfajiri watakuwa msitu mmoja, kijito tu katikati. Naogopa!

Nilichukua boksi la risasi nikalifiche. Sikuwahi – kaingia. Liko hapa mezani, kando ya daftari, linaonekana wazi kabisa. Reino kasimama mbele yangu, anaitazama meza.

“Lempi, risasi zangu umeweka wapi?”