Fungu la Mwenye Kisu

Tanga,
14 Aprili 1912

Mpendwa mdogo wangu Simaloi,

Mwezi huu imetimia miaka ishirini tangu nishuke Ilboru na msafara wa pembe, nikakuambia nitakawia mvua mbili tu. Pokea salamu zangu nyingi. Je, kifua chako kimepoa, au baridi ya mlima bado inakusumbua? Migomba ya nyuma ya nyumba imestahimili upepo? Mimi naendelea kwa kadiri ya umri, ila mwili una habari yake, nayo ndiyo jibu la barua yenu.

Mwanao Nathanaeli aliiandika vizuri. Herufi zake zimesimama, nami kazi yangu ni kupanga herufi za chapa, sisifu ovyo. Anasema gari la moshi sasa linafika Moshi, kwa hiyo kisingizio cha njia kimekwisha. Anasema pia kwamba kila mnapochinja, wewe hutenga fungu langu juu ya jani la mgomba, na jioni hupewa jirani. Hapo nilisoma mara tatu.

Daktari wa hapa amekuta sukari katika mkojo wangu, na mguu wa kushoto una kidonda kisichofunga. Dawa ni kula kwa kipimo. Mchana nyama gramu mia moja ishirini na tano, bila mfupa, au mayai mawili na kipande cha samaki mahali pake. Ndizi moja ya kuchemsha huhesabiwa sawa na mkate wote wa asubuhi. Mimi mtoto wa migombani nilicheka. Asali haina hesabu, imekatazwa kabisa.

Kwa kuwa nyumbani sina mizani, mwuguzi wa Kijerumani alitaka kunifundisha kukadiria kwa jicho. Akaniwekea paja la mbuzi na kisu. Nililaza nyama kiganjani, vidole nikaviacha nje ya hesabu, nikakata kama ulivyokuwa ukikata wewe mwaka wa sotoka, ng'ombe walipokwisha. Akapima: mia moja ishirini na nne. Kipande cha pili, mia moja ishirini na sita. Akaanza kuikagua mizani. Nikamwambia mwalimu wangu hajawahi kusikia neno gramu.

Nimepanga vitabu vingi vya hesabu, Simaloi, sijaona mkono kama wako. Mbuzi mmoja wa mwisho, siku sita, na hakuna aliyechungulia jani la mwenzake.

Baada ya hapo waliniachia nigawe nyama ya chumba tulimolazwa hospitalini. Tulikuwa wagonjwa wanane, nami nikiwamo. Nikakata, nikagawa, nyama ikaisha, nami nimebaki na kisu. Mpishi, Mdigo mmoja wa mizaha, akaniuliza, "Mzee, mwenye kisu hana mdomo?"

Wenzangu walicheka sana. Mimi sikuweza. Mkono wangu ulikuwa umefuata ulichokiona kwako. Nyumbani tulikuwa watu tisa, na majani yalikuwa manane. Nilipokuuliza lako liko wapi, ulisema, "Kula, kaka. Mimi nimeonja nikikata." Nikala. Mtu wa kuhesabu herufi, na majani yale sikuyahesabu kwa miaka ishirini.

Sasa unaniita nije nile. Nikija utanikatia kidari chenye mafuta, utanimiminia asali, na mbele ya wazee sitaweza kukataa. Kidonda hakitangoja niage. Mkono wako unajua kila kipimo, ila haujui kuninyima.

Nina ombi moja. Mkichinja tena, litenge fungu langu kama kawaida. Kisha ulile wewe, umekaa, watu wakikuona.

Nisalimie shemeji Meitamei, Nathanaeli, na mkewe Namnyaki. Mungu akupe mvua kwa wakati wake, na meno ya kutafunia fungu hilo.

Mimi sitarudi.

Kaka yako akupendaye kuliko alivyojua,
Koikai