Sahihi Yangu kwa Baba Yako

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Keza tu wazima, na maharage yamechanua.

Unauliza kama unaweza kumsainia mwanao karatasi ya upasuaji wakati mumeo yuko safarini. Saini!

Wakati wa vita babu yako alikuwa mpakani, baba yako, akiwa bado mtoto, akavimba tumbo. Hospitalini Biharamulo shemeji yangu akanizuia: "Mtoto ni wa ukoo. Kaka akirudi ndiye atasaini."

Daktari akauliza, "Mzazi wa mtoto huyu nani?"

"Ni mimi."

Nikaandika jina langu kwa herufi nilizojifunza kisomoni, kwenye darasa la watu wazima, kubwa kubwa, zimepinda. Shemeji alininunia mwezi mzima.

Kovu la tumboni mwa baba yako umeliona. Hiyo ndiyo sahihi yangu.

Bibi yako