Filta ya Pili

Biryogo, Kigali
10 Machi 1991

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Ramadhani inakaribia, nami naomba ikukute mzima hapo Kahama. Sisi hatujambo, ila mke wangu Mugeni anasumbuliwa na jino, na amesisitiza nikuandikie hilo kabla sijaanza mambo ya gari.

Mambo ya gari ni haya. Tangu vita vifunge njia ya mpakani Gatuna, ile oili namba arobaini iliyokuwa ikitoka Mombasa haionekani tena. Muuza oili mmoja wa Nyabugogo, anayeita kila mkubwa wake "Grand", kanishika mkono: "Grand, iko hii ya namba mbili pamoja, kumi na tano na arobaini. Na baridi iko nyepesi, moteri ikipata moto inakuwa muzito. Ile yako iko ya wazee." Nikamwambia gari lenyewe ni la mzee.

Asubuhi oili yetu huwa nzito kwa baridi, stata inalia tu. Bado ninalaza lori kwenye mteremko kama ulivyonifundisha; nikiachia breki linashuka na kuwaka. Likilala tambarare, naita majirani wanalisukuma, tunacheka, siku inaanza. Je, nibadilishe oili?

Mwanao,
Ismaël


Kahama
29 Aprili 1991

Mwanangu Ismaël,

Marahaba. Idi imepita salama. Mwili hauna neno, magoti tu ndiyo yanayonigomea. Mugeni atie karafuu kwenye jino.

Usibadilishe. Oili ya namba mbili si mbaya, lakini hiyo ya siku hizi ina dawa ya kusafisha. Gari letu limezeeka kwa oili ya kawaida, masizi yameganda kila pembe. Ukitia dawa hiyo, uchafu wote utabanduka kwa pamoja na kuziba filta. Oili ikikosa njia, beringi zinaungua na injini inakufia mlimani.

Na popote utakaponunua, usisome namba peke yake. Namba inakueleza uzito. Kazi inaelezwa na herufi. C na D pamoja ni ya dizeli ya kazi ngumu. Ukiona inaanza na S, hiyo ni ya vigari vya petroli, mwachie mwenye teksi.

Lakini ununue ya nini? Nina pipa zima la arobaini hapa uani. Ukienda Dar, pita nyumbani ujaze.

Baba yako


Biryogo, Kigali
21 Novemba 1993

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yamekuhurumia. Sisi tuna afya, tumshukuru Mungu kwa hiyo. Pipa lako limenirudisha nyumbani kila safari, na najua hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Leo naomba ruhusa yako. Mteremko wangu umechukuliwa. Vijana wa chama cha Rais wanakutanika pale na marungu, wamesema lori lisilale hapo tena. Sasa linalala uani, tambarare, na asubuhi ni lazima lisukumwe. Siku hizi, baba, sijui nikiita msaada atakuja nani.

Unamkumbuka Athanasie, mwalimu wa binti yetu Umutoni, anayekaa nyuma ya ukuta wetu na wanawe wawili. Unajua kitambulisho chake kimeandikwa kabila gani. Juzi walimpiga mawe dirishani. Akaniuliza bila kunitazama: "Ismaël, siku mambo ikiharibika, gari yako itawaka?" Nikainama nikajifanya nakagua tairi, na aibu ile bado ninayo.

Nataka gari liwake kwa swichi, mara moja, bila kumwita mtu.

Mwanao,
Ismaël


Kahama
14 Januari 1994

Mwanangu Ismaël,

Marahaba. Mimi mzima, lakini barua yako imenikosesha usingizi.

Tia ya namba mbili. Ubishi wangu ulikuwa wa wakati majirani walipokuja kusukuma. Ila nisikilize, tafadhali. Mwaga ya zamani injini ikiwa ya moto. Tia mpya na filta mpya, kisha tembea hapo hapo mjini, Gikondo na kurudi. Oili itakuwa nyeusi upesi. Usishtuke, oili ya dizeli inayobaki safi haijafanya kazi. Imwage, utie nyingine na filta ya pili. Filta ya kwanza itakuwa imemeza uchafu wa maisha yote ya gari, kwa hiyo usipande mlima mrefu nayo.

Nimempa dereva Niyonzima makopo na filta moja. Ya pili naitafuta Mwanza, imekuwa adimu. Akirudi, mpe Mugeni na Umutoni aje nao. Hili siombi, naamuru.

Baba yako


Biryogo, Kigali
2 Aprili 1994

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nashukuru kwamba Mugeni na Umutoni wamefika kwako salama. Nyumba imekuwa kubwa mno.

Gari linawaka! Kugusa swichi tu. Athanasie alisikia toka upande wake wa ukuta, akapiga makofi kama mtoto.

Oili ya kwanza ilitoka nyeusi tititi, nimeshatia nyingine. Filta ya pili hapa haipatikani, basi nimeiosha ile ile kwa dizeli nikairudisha. Najua utanigombeza. Jumamosi ijayo nateremka Kahama kuchukua yako, na Athanasie na wanawe nitakuja nao. Mugeni achemshe chai.

Mwanao,
Ismaël


Ngara
20 Mei 1994

Mwanangu Ismaël,

Leo nakusalimu mimi kwanza. Hujambo?

Nimekuja huku mpakani kukutafuta, nikamkuta Athanasie. Yu hai, na wanawe wote wawili. Amenieleza. Alfajiri ile, mauaji yalipoanza, gari liliwaka kwa mguso mmoja, hakuna jirani aliyewahi kutoka. Walijificha nyuma ya magunia. Vizuizi ulivipita kwa maneno na sigara. Baada ya Kayonza, kwenye mlima, kipimo cha presha ya oili kikaanguka, nawe ukasimama. Hapo hata bila kusimuliwa nimeelewa.

Amesema uliwaambia: "Mushuke, mukatize ndani ya migomba. Wakikuta gari peke yake, watafuata nyayo zenu. Wakinikuta chini yake na spana, iko gari imekufa tu." Alipogeuka mara ya mwisho aliona miguu yako, umelala chini ya injini.

Nimejaribu kukugombeza kwa ile filta uliyoosha, nimeshindwa. Watu watatu wanakula ugali hapa mbele yangu kwa sababu gari liliwaka. Naumia, mwanangu, na najivuna, na sijui nifanye nini na mambo hayo mawili kwa pamoja. Nyumbani Umutoni anakuulizia kila siku. Mugeni haulizi, anapakua chakula chako na kukifunika.

Barua hii nampa mtu wa Msalaba Mwekundu. Amesema niandike juu ya bahasha mahali ulipoonekana mara ya mwisho. Nimeandika: Ismaël, chini ya lori, mlimani baada ya Kayonza.

Filta ya pili nilikuwa nimeipata, ninayo mfukoni mwa koti. Njia ikifunguka nitakuletea mwenyewe. Usiliwashe kabla sijafika.

Baba yako