Mawe Mekundu ya Bulengo

Kambale, ndugu yangu,

Tangu tulipokuzika Butembo, vita vimeingia Goma. Redio yetu imefungwa, kwa hiyo habari hii nakupa wewe. Na naogopa. Unanijua: nilikuwa narudi kutoka kuripoti mapigano na kuuliza kwanza kama chai ipo. Basi nikikuambia naogopa, amini.

Mawe yako mekundu yametawanyika.

Unakumbuka utani wetu juu ya utafiti wako. Ulikuwa umepima mashimo yote ya Bulengo, pale kambini kando ya ziwa, yale mabonde madogo katikati ya mawe ya volkano ambamo mazuku hukaa: hewa nzito inayotoka ardhini, haina rangi wala harufu, na humuua aliyelala kabla hajajua kwamba anaumwa. Uliandika kila kitu kwa Kifaransa, kurasa na kurasa. Nikakuambia, "Profesa, mbuzi wa Bulengo hawakusoma makala yako. Wamekufa tu." Ukanijibu, "Basi tangaza kwenye redio yako, pengine mbuzi wanasikiliza."

Tulicheka. Lakini haukupita muda nikakukuta na ndoo ya rangi nyekundu, suruali imechafuka, unapaka mawe na kuyapanga kuzunguka kila shimo. Waliokuwa wamekimbia vita vya wakati ule na kupiga kambi pale uliwafundisha maneno machache tu: penye mawe mekundu, mtu asilale. Kurasa zako zote ziliingia katika maneno hayo, na watu waliyashika.

Kisha wao wakarudi kwao Masisi, wewe shinikizo la damu likakuchukua, na vita vikaanza upya.

Waliokuja safari hii wengi hawakukufahamu. Walifika na mvua, na upepo wa ziwa, kila familia na turubai yake. Ardhi ile unaijua: kigingi hakiingii, msumari hauingii. Turubai hushikwa na mawe. Na mawe yenye ukubwa unaofaa, yaliyokwisha kukusanywa mahali pamoja, yalikuwa yako. Wakayachukua. Mimi pia ningeyachukua. Leo kila kibanda kina mawe mekundu matatu manne juu ya paa, na mashimo yamebaki wazi.

Jana asubuhi, ukungu ulikuwa bado haujaondoka na hewa imetulia, nilimwona mama akiwa chini kabisa, ndani ya lile shimo kubwa karibu na njia ya ziwani. Alikuwa ametandika mkeka. Anaitwa Mama Furaha, wa Masisi. Katika vita vilivyopita aliishi Bulengo, na anakukumbuka. Ndiyo sababu alikuwa mle shimoni. Nilipompigia kelele atoke, alinijibu kwa hasira ya mtu aliyechoka:

"Papa, tulifundishwa! Penye majiwe nyekundu mutu asilale. Nimezunguka kambi yote, majiwe iko kila pahali. Ni hapa tu hakuna."

Alikuwa ametii kila neno lako.

Yeye alikuwa amesimama, kichwa chake juu ya hewa ile. Watoto wake walikuwa wamelala. Nilishuka nimebana pumzi, nikamnyanyua mkubwa, mama akanyanyua mdogo, tukapanda. Mdogo alikuwa mlegevu kama nguo iliyolowa. Nilimlaza penye upepo. Alikaa kimya, Kambale, akakaa kimya. Kisha akatapika, akalia.

Watu walikusanyika. Niliwasha mshumaa, nikauweka ndani ya kopo na kuushusha kwa kamba, kama ulivyonionyesha. Ulizimika kabla haujafika chini. Nikawaomba warudishe mawe. Muzee mmoja akaniuliza, "Na upepo ikibeba nyumba yangu, utapanda kuikalia juu, papa?" Wakacheka, wala hakuna aliyeleta jiwe. Na hata wangeyaleta, familia itakayofika kesho ingeyachukua tena.

Mama Furaha ndiye aliyesema, "Weka musalaba. Mutu hatalala juu ya kaburi. Na jiwe ya kaburi, nani atabeba?"

Hapo hakuna aliyecheka. Adhuhuri, upepo ulipopanda na mshumaa ukawaka hadi chini, tulishuka tukarundika mawe meusi, rundo refu kama mtu aliyelala. Miti ya msalaba aliitoa Mama Furaha, katika ile aliyokuwa ameleta kujengea kibanda chake mwenyewe. Kisha akaniangalia. "Jina? Kaburi bila jina, batoto watachezea."

Maisha yangu yote sijatangaza kifo bila kuuliza jamaa, wala kaburi bila kuliona. Unajua nilivyowagombeza vijana wa redio kwa jambo hilo. Nilichukua kipande cha makaa, nikaandika: KAMBALE, MWALIMU.

Jioni wanawake waliotoka kuchota maji walifika pale, wakafanya ishara ya msalaba, wakapita mbali. Nilitazama nikiwa nimesimama njiani, na hofu haikuniachia. Mvua itafuta makaa. Kuni zimekuwa adimu, na msalaba ni kuni. Mashimo mengine bado yako wazi, na milio ya bunduki inawasukuma watu huku kila siku. Kila shimo litataka jina. Ninachoogopa zaidi ni kwamba majina sitayakosa.

Nisamehe kwa kukuzika mara ya pili bila kukuuliza. Mkeo nitamweleza mwenyewe, kabla hajaambiwa na mwingine kwamba una kaburi Bulengo.

Kwaheri, ndugu yangu. Nitakuwa napita kila asubuhi, kabla upepo haujaamka. Maadamu naweza kutembea, hakuna mtoto atakayelala juu yako.